Pengo au Jina? Upangaji wa Kikosi cha Besiboli Katika Majira ya Baridi

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtazamaji anayeiona timu ya besiboli ya Marekani ikinyanyua kombe mwishoni mwa Oktoba huona mipigo, mbio na shangwe. Haioni kazi iliyofanywa ofisini karibu mwaka mzima kabla ya siku hiyo, wakati viwanja vilipokuwa vitupu na wachezaji wamekwenda makwao. Katika miezi hiyo ya baridi, kuanzia Novemba hadi Februari, viongozi wa klabu huamua nani abaki, nani aondoke, nani anunuliwe na kwa muda gani. Maamuzi hayo huweza kuijenga timu kwa miaka mitano au kuifunga minyororo kwa miaka kumi.

Makala hii inadhamiria kueleza jinsi klabu ya besiboli inavyopasa kupanga mabadiliko ya kikosi chake katika kipindi hicho. Hoja yetu kuu ni kwamba mpango mzuri huanza kwa kulipima pengo lililopo kikosini, kisha hutafuta njia nafuu ya kuliziba. Mpango mbaya huanza kwa jina kubwa lililo sokoni, kisha hutafuta pesa za kulilipia. Tutaitetea hoja hii kwa mifano ya klabu tatu: Oakland katika majira ya baridi ya 2001 na 2002, St. Louis baada ya ubingwa wa 2011, na Boston baada ya aibu ya 2012.

Huenda msomaji akajiuliza jambo hili linamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili. Lugha yetu imekomaa katika utangazaji wa soka na riadha, ila michezo inayochezwa mbali na kwetu bado hatujaizungumzia kwa kina. Istilahi hupevuka zinapotumiwa kujenga hoja, kwa kuwa orodha ya maneno pekee haitoshi kuonyesha kama neno linabeba mzigo wake. Kwa hivyo, tutatumia maneno mrushaji, mpigaji, mdakaji, kituo na mkimbio kwa maana zitakazofafanuliwa papo hapo, nayo hoja yenyewe itakuwa mizani ya maneno hayo.

Mchezo Wenyewe kwa Muhtasari

Besiboli huchezwa na timu mbili zenye wachezaji tisa uwanjani kila moja, kwa awamu tisa. Mrushaji wa timu moja humrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, naye mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji ili kuupokea mpira usiopigwa. Mpigaji akifaulu kufika kituo cha kwanza, kisha cha pili na cha tatu, na hatimaye akarejea kituo cha nyumbani alikoanzia, timu yake hupata mkimbio mmoja. Timu yenye mikimbio mingi ndiyo mshindi.

Mambo mawili ni ya lazima kueleweka. Kwanza, katika kila awamu, timu huendelea kupiga mpaka wachezaji wake watatu watolewe. Katika mchezo mzima wa kawaida, basi, timu ina nafasi 27 tu za kutolewa. Mpigaji anayefika kituoni, kwa njia yoyote halali, ameirefushia timu yake uhai. Pili, mrushaji akirusha mipira minne nje ya eneo halali na mpigaji akajizuia asiijaribu, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure. Subira, kwa hivyo, ni ustadi sawa na nguvu. Kwa muda mrefu soko la wachezaji lililipa nguvu na kuidharau subira, na tutaona jinsi klabu moja ilivyonufaika kwa kosa hilo la soko.

Msimu wa kawaida huwa na michezo 162 kwa kila timu, na ligi kuu ina timu 30. Kikosi cha siku ya mchezo kilikuwa na wachezaji 25 kwa miaka mingi, kikawa cha 26 kuanzia 2020. Nyuma ya hao kuna orodha pana ya wachezaji 40 walio chini ya ulinzi kamili wa klabu, na nyuma yao tena kuna vijana wanaolelewa katika ligi ndogo.

Sheria za Ajira

Mpenzi wa soka amezoea kuona klabu ikimuuza mchezaji kwa fedha. Katika besiboli ya Marekani njia ya kawaida ni ubadilishanaji: klabu humtoa mchezaji ili ipewe mchezaji mwingine, na mkataba wa anayeondoka huhama pamoja naye. Aidha, mchezaji haachwi huru kuchagua klabu tangu mwanzo. Klabu huteua chipukizi kwa zamu, na anayeteuliwa hufungamana na klabu hiyo.

Zamani kifungo hicho hakikuwa na mwisho. Mnamo 1969 klabu ya St. Louis ilimbadilisha Curt Flood kwenda Philadelphia. Flood akakataa, akaenda mahakamani, na mwaka wa 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua dhidi yake. Hata hivyo, mlango aliougonga ulifunguliwa na wengine. Mwezi Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba warushaji Andy Messersmith na Dave McNally walikuwa huru kujiunga na klabu nyingine. Kutokana na uamuzi huo, wachezaji na wamiliki walikubaliana juu ya utaratibu ambao kiini chake kingalipo.

Kwa utaratibu huo, mchezaji hupitia ngazi tatu. Katika miaka mitatu ya kwanza ya utumishi katika ligi kuu, klabu humlipa karibu na kima cha chini cha mshahara. Baada ya hapo huingia katika ngazi ya usuluhishi, ambapo klabu na mchezaji wasipoelewana kuhusu malipo, wasuluhishi huamua. Akitimiza miaka sita, na ikiwa hana mkataba mwingine, huwa mchezaji huru na anaweza kujiunga na klabu yoyote.

Ngazi hizi tatu ndizo ufunguo wa upangaji wote. Kijana wa miaka 24 anayecheza vyema kwa kima cha chini ni hazina, kwa sababu huipa klabu ushindi mwingi kwa fedha kidogo. Mchezaji huru wa miaka 32 hulipwa kwa mambo aliyokwisha kuyatenda, ilhali klabu inahitaji mambo atakayoyatenda. Tofauti kati ya wakati uliopita na wakati ujao ndiyo inayozifilisi klabu nyingi.

Kalenda ya Majira ya Baridi

Fainali za ubingwa humalizika mwishoni mwa Oktoba au mapema Novemba. Siku tano baadaye, wachezaji huru huanza kuruhusiwa kutia saini na klabu mpya. Katikati ya Novemba, kila klabu hulazimika kuamua ni vijana gani itawaingiza katika orodha yake ya 40. Kijana aliyekaa miaka minne au mitano katika ligi ndogo bila kuingizwa humo anaweza kuchukuliwa na klabu nyingine mwezi Desemba, mradi klabu hiyo imweke katika kikosi cha ligi kuu msimu mzima. Uamuzi huu huonekana mdogo, lakini mnamo Desemba 1999 klabu ya Houston ilimpoteza kijana mrushaji Johan Santana kwa njia hiyo. Alifikia Minnesota, na akashinda tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake mwaka wa 2004 na tena 2006.

Baadaye kuna siku ya kuamua ni wachezaji gani wa ngazi ya usuluhishi watakaopewa mkataba na wepi wataachwa. Desemba viongozi wa klabu zote hukutana mahali pamoja kwa siku chache, na mabadilishano mengi huzaliwa hapo. Januari huwa ya usuluhishi wa mishahara, na katikati ya Februari wachezaji huripoti kambini Florida au Arizona.

Mpangilio huu una funzo. Maswali ya ndani ya nyumba, yaani nani alindwe na nani aachwe, hudai majibu mapema, wakati ambapo soko la nje bado linachangamka. Klabu inayokwenda sokoni kabla ya kujua ilicho nacho ghalani hununua mahindi ilhali inakosa chumvi.

Kulipima Pengo: Oakland, 2001 na 2002

Klabu ya Athletics, iliyokuwa ikichezea Oakland mpaka ilipouhama mji huo baada ya msimu wa 2024, ilishinda michezo 102 mwaka wa 2001. Iliondolewa na Yankees wa New York katika raundi ya kwanza ya mchujo. Majira ya baridi yalipoingia, wachezaji wake watatu wakubwa walikuwa huru. Jason Giambi, mpigaji wa kituo cha kwanza, alikwenda kwa Yankees hao hao kwa dola milioni 120 za miaka saba. Johnny Damon alikwenda Boston kwa dola milioni 31 za miaka minne. Mrushaji wa kumalizia michezo, Jason Isringhausen, alikwenda St. Louis kwa dola milioni 27 za miaka minne. Mishahara ya kikosi kizima cha Oakland mwaka wa 2002 ilikuwa takribani dola milioni 40. Ya Yankees ilikuwa takribani milioni 125.

Meneja mkuu Billy Beane na wasaidizi wake hawakuuliza: ni nani atakuwa Giambi wetu? Swali hilo halikuwa na jibu walilomudu kulilipia. Katika zamu 1,000 za kupiga, Giambi wa 2001 alikuwa akifika kituoni mara 477, na wanadamu wa aina hiyo ni wachache mno. Badala yake waliuliza: tumepoteza nini kwa jumla, na kinaweza kurudishwa kwa vipande vingapi? Hapo ndipo hesabu ilipofichua jambo. Damon, pamoja na sifa na kasi yake, alifika kituoni mara 324 tu kwa kila 1,000. Pengo lake lilikuwa dogo kuliko jina lake.

Vipande vilitafutwa. Kutoka New York Mets alipatikana David Justice, mpigaji mkongwe ambaye nguvu zake zilikuwa zikipungua lakini subira yake ilikuwa ingalipo. Akapatikana pia Scott Hatteberg, mdakaji aliyekuwa Boston. Neva za kiwiko chake zilikuwa zimeumia kiasi cha kutoweza tena kurusha mpira kama mdakaji, na klabu ya Colorado ilimwacha bila mkataba siku chache tu baada ya kumpata. Oakland ilimfundisha kazi mpya ya kulinda kituo cha kwanza. Mwaka wa 2002 Justice alifika kituoni mara 376 kwa kila 1,000 na Hatteberg mara 374. Hakuna hata mmoja aliyekuwa Giambi, wala haikulazimu awe.

Nafasi ya Isringhausen ilijazwa kwa ubadilishanaji. Billy Koch aliletwa kutoka Toronto, naye akaimalizia timu michezo 44 kwa ushindi. Hata hivyo, kila ubadilishanaji una gharama yake: miongoni mwa waliotolewa ili Koch apatikane alikuwa Eric Hinske, ambaye mwaka huo huo alitunukiwa tuzo ya mchezaji mpya bora wa ligi yake. Mpangaji asiyetaja alichokitoa hajamaliza hesabu.

Vilevile, kwa kanuni za wakati huo, klabu iliyopoteza wachezaji huru wa daraja la juu ilifidiwa nafasi za ziada katika uteuzi wa chipukizi. Mwezi Juni 2002, Oakland ilikuwa na nafasi 7 kati ya 39 za mwanzo. Nick Swisher na Joe Blanton walitokana na nafasi hizo, nao walikuwa nguzo za timu ya Oakland iliyofika nusu fainali ya ubingwa mwaka wa 2006. Watatu kati ya wale saba, kwa upande mwingine, hawakuwahi kucheza ligi kuu hata mara moja. Uteuzi ni kupanda mbegu, na si kila mbegu huota. Ndiyo sababu mkulima mwerevu hupanda nyingi.

Matokeo yanajulikana. Oakland ilishinda michezo 103 mwaka wa 2002, ikiwemo 20 mfululizo kati ya Agosti 13 na Septemba 4. Mchezo wa ishirini ulipatikana kwa mpigo wa Hatteberg uliovuka ukuta wa uwanja, baada ya timu kuongoza kwa mikimbio 11 kwa nunge na kuuacha uongozi wote upotee. Yankees, pamoja na Giambi na mishahara mara tatu zaidi, walishinda michezo 103 pia.

Kutunza Kilichopo

Simulizi ya Oakland ilipata umaarufu duniani kupitia kitabu cha Michael Lewis cha mwaka wa 2003, na baadaye kupitia filamu. Kwa wengi, fundisho lake ni kwamba akili iliwashinda matajiri sokoni. Fundisho hilo lina ukweli, lakini ni nusu. Mwaka wa 2001 Oakland ilipata mikimbio 884. Mwaka wa 2002 ilipata 800. Kwa maneno mengine, pengo la wapigaji walioondoka halikuzibwa lote. Basi ushindi 103 ulitoka wapi?

Ulitoka kwa waliobaki. Mrushaji Barry Zito alishinda michezo 23 na tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake. Mark Mulder alishinda 19 na Tim Hudson 15. Miguel Tejada, aliyesajiliwa akiwa kijana mdogo katika Jamhuri ya Dominika, alitangazwa mchezaji bora wa ligi. Zito, Mulder, Hudson na mwenzao Eric Chavez wote waliteuliwa na Oakland yenyewe kati ya 1996 na 1999, na walikuwa bado katika miaka ambayo klabu huwa na haki juu ya mchezaji. Justice na Hatteberg waliongeza paa. Kuta zilikuwa zimejengwa miaka mingi kabla. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kutokana na hayo, karatasi ya kwanza ya mpango wa majira ya baridi inapaswa kuwa jedwali la waliopo, likionyesha umri wa kila mmoja, miaka aliyobakisha kabla ya kuwa huru na mshahara anaotarajiwa kulipwa. Jedwali hilo huonyesha mapengo ya mwaka huu na yale ya miaka mitatu ijayo. Oakland ililiona pengo lililokuwa likija. Tejada aliondoka akiwa mchezaji huru mwaka wa 2003. Desemba 2004 klabu iliwabadilisha Hudson na Mulder kabla ya mikataba yao kwisha, na katika ubadilishanaji wa Mulder ikampata Dan Haren, mrushaji kijana aliyeitumikia vyema. Anayeuza ng'ombe angali ananenepa hupata bei. Anayengoja akonde huuza ngozi.

Urefu wa Mkataba: St. Louis Baada ya 2011

Klabu ya St. Louis Cardinals ilitwaa ubingwa mwaka wa 2011 ikiongozwa na Albert Pujols, mpigaji aliyependwa mjini humo kwa miaka kumi na mmoja. Baada ya fainali, Pujols alikuwa huru. Alikuwa akikaribia miaka 32. Klabu ya Angels ya Los Angeles ilimpa mkataba wa miaka kumi wa dola milioni 240, na St. Louis ikamwacha aende.

Lilikuwa jambo chungu kwa mashabiki, na hapa ndipo ugumu wa kazi hii ulipo. Meneja mkuu hapangi nambari tupu. Hupanga watu waliozoeleka, ambao watoto wamevaa majina yao mgongoni. Uaminifu ni thamani ya kweli, na timu isiyouthamini hubaki na viti vitupu. Lakini mwili haujui uaminifu: wapigaji wengi hufikia kilele kabla ya kutimiza miaka thelathini, kisha huanza kushuka. Mkataba wa miaka kumi unaoanza katika umri wa miaka 32 hununua miaka michache ya jua na mingi ya machweo.

Angels walimlipa Pujols mpaka Mei 2021 walipomwacha, na katika miaka yote hiyo hawakushinda hata mchezo mmoja wa mchujo. St. Louis walimsajili Carlos Beltrán kwa miaka miwili na dola milioni 26, naye akawapa mipigo 32 ya kuvuka ukuta katika mwaka wake wa kwanza. Zaidi ya hayo, fidia ya kumpoteza Pujols iliwapa nafasi ya 19 katika uteuzi wa chipukizi wa 2012, wakamteua mrushaji Michael Wacha. Oktoba 2013 kijana huyo alitangazwa mchezaji bora wa nusu fainali ya ligi yao, na St. Louis wakaingia tena katika fainali za ubingwa.

Haki inatutaka tuongeze kwamba Pujols alirejea St. Louis mwaka wa 2022 kwa mkataba wa mwaka mmoja, na huko akatimiza mipigo 700 ya kuvuka ukuta. Mapenzi ya mji yalipata nafasi yake, kwa urefu na bei iliyofaa.

Kutawanya Hatari: Boston, 2012 na 2013

Waliokutana na St. Louis katika fainali hizo za 2013 walikuwa Red Sox wa Boston, na safari yao inafundisha upande mwingine wa hoja. Mwishoni mwa 2010 Boston walikwenda sokoni kutafuta majina. Walimpa Carl Crawford dola milioni 142 za miaka saba. Walimpata Adrián González kwa ubadilishanaji, na baadaye wakampa dola milioni 154 za miaka saba. Mwaka wa 2012 walishinda michezo 69 na kupoteza 93. Mwezi Agosti mwaka huo waliwahamishia wachezaji hao wawili Los Angeles Dodgers, pamoja na Josh Beckett na Nick Punto, wakajitua mzigo wa mikataba ya zaidi ya dola milioni 250.

Majira ya baridi yalipofika walikuwa na fedha na aibu, mchanganyiko unaoweza kumsukuma mtu kununua jina jingine kubwa. Hawakufanya hivyo. Walisajili wachezaji saba wa daraja la kati: Shane Victorino kwa miaka mitatu na dola milioni 39; Ryan Dempster, Jonny Gomes na David Ross kwa miaka miwili miwili; Mike Napoli, Stephen Drew na Koji Uehara kwa mwaka mmoja mmoja. Hakuna mkataba uliozidi miaka mitatu. Napoli alikuwa amekubaliana nao miaka mitatu na dola milioni 39, lakini uchunguzi wa daktari ulipoonyesha ugonjwa wa nyonga, mkataba ulipunguzwa kuwa wa mwaka mmoja wenye mshahara wa msingi wa dola milioni 5. Uchunguzi wa afya, kwa hiyo, ni sehemu ya mpango, na haupaswi kuachwa uwe utaratibu wa kutimiza wajibu tu.

Nafasi ya mrushaji wa kumalizia inaeleza hekima ya kuwa na akiba. Boston walimleta Joel Hanrahan kwa kazi hiyo, wakimtoa Mark Melancon miongoni mwa wengine; Hanrahan akaumia. Andrew Bailey akaichukua kazi hiyo, naye akaumia. Ndipo ikamfikia Uehara, aliyesajiliwa kwa dola milioni 4.25 ili awe msaidizi. Kati ya Agosti na Septemba aliwatoa wapigaji 37 mfululizo bila hata mmoja kufika kituoni, na mwezi Oktoba akawa mchezaji bora wa nusu fainali ya ligi yao. Timu iliyotegemea mtu mmoja ingekuwa imekwisha mwezi Mei. Boston walishinda michezo 97 katika msimu wa kawaida, sawa na St. Louis, kisha wakawashinda katika fainali kwa michezo minne dhidi ya miwili.

Mipaka ya Mpango

Ingekuwa udanganyifu kuihitimisha hoja hapa, kana kwamba mpango mzuri huzaa kombe kama mti unavyozaa tunda. Mwaka wa 2014 Boston hao hao walishinda michezo 71 na kushika mkia wa kundi lao. Mikataba mifupi huondoa hatari ya miaka mingi, lakini huilazimisha klabu kujenga upya kila mwaka, na bahati ya kupata saba wazuri kwa mkupuo haiji kila msimu. Oakland nao, pamoja na ushindi wao 103, waliondolewa na Minnesota katika raundi ya kwanza ya 2002 kwa michezo mitatu dhidi ya miwili.

Michezo 162 huonyesha ubora. Michezo mitano huonyesha ubora uliochanganyika na bahati. Mpangaji anaweza kuipeleka timu yake mlangoni mwa Oktoba mara nyingi kadiri iwezekanavyo, lakini hawezi kumwamuru mpira udunde upande gani. Kwa sababu hiyo, si haki kuupima mpango kwa kombe la mwaka mmoja. Upimwe kwa maswali haya: je, klabu ilijua ilichokosa kabla ya kununua? Je, ililipia mambo yajayo au yaliyopita? Je, kulikuwa na mtu wa pili na wa tatu aliyeumia wa kwanza? Je, mapengo ya mwaka wa tatu yalionekana katika mwaka wa kwanza?

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kazi ya majira ya baridi ina mpangilio wake. Klabu huanza nyumbani kwa kuwahesabu waliopo na miaka waliyobakisha. Hufuata kulipima pengo kwa mikimbio na si kwa sifa za aliyeondoka. Kisha huja kulivunja pengo hilo katika vipande vinavyoweza kununuliwa, kubadilishwa au kulelewa. Mwisho ni kuamua urefu wa kila mkataba kwa kuzingatia umri na afya, na kuweka akiba katika kila nafasi ambayo jeraha moja linaweza kuibomoa.

Katika haya yote, klabu tajiri na klabu maskini hutofautiana kwa kiasi cha makosa zinayoweza kuyamudu. Yankees waliweza kukosea mkataba mmoja na kuendelea kushinda. Oakland hawakuwa na anasa hiyo, na ndiyo maana walilazimika kufikiri. Fikra hiyo iliwafaa mashabiki wao, na ilimfaa pia mdakaji mmoja mwenye kiwiko kibovu, ambaye soko zima lilikuwa limeshamwona hana kazi. Aliyezoea kutazama jina asingemwona. Aliyetazama pengo alimwona, akampigia simu, na akamfundisha kazi mpya.